Milimita Tatu

Mtu akija kwangu akisema ana haraka, namwonyesha mlango. Simfukuzi, la, namwonyesha tu ulipo, ili ajue kwamba haraka yake ina pa kutokea. Kazi yangu ni masikio. Natoga, napanua, nauza vya kuvaa, na huu ni mwaka wa kumi na nne niko kwenye chumba hiki kimoja kilichobanwa kati ya fundi cherehani na fundi wa funguo. Ukutani nimebandika karatasi moja tu, niliyoiandika kwa mkono wangu: MILIMITA MBILI, MIEZI MIWILI. Sheria yote ndiyo hiyo. Tundu la sikio likishazoea unene mmoja, unaliongeza milimita mbili, halafu unasubiri miezi miwili nyama itulie, ndipo unaongeza tena. Mlango wa nyuma hakuna. Kwa sababu ya karatasi hiyo mtaa mzima unaniita Bi Milimita, nami nimeridhika na jina hilo, maana wapo walioitwa mabaya zaidi.

Alhamisi ninayotaka kuisimulia alikuja karani wa mahakama, mtu mzima na tai yake, masikio yake yako kwenye milimita kumi. Akaketi, akaweka mkoba chini, akanitazama kwa macho ya kuomba.

"Dada, nirukishe saizi moja tu. Nipe kumi na nne. Harusi ni kesho kutwa."

"Nani anaoa?"

"Kaka yangu."

"Sasa masikio yako yanakwenda kufanya nini? Bwana harusi ni yeye."

Alicheka lakini hakuinuka. Nikamweleza ninavyowaeleza wote. Sikio ukiliharakisha, nyama ya ndani hutokeza kwa nyuma, ikavimba kama mdomo wa mtu aliyenuna, na ikishanuna kuibembeleza ni kazi ya miezi. Na hilo ndilo jepesi. La zito ni kwamba linachanika, na sikio lililochanika si suruali, huwezi kumpelekea jirani yangu fundi cherehani. Nikamwambia kupanuka vizuri kuna dalili yake: sikio linapata joto. Likiwaka moto, hapo si kupanuka tena, ni kupasuka. "Sikio la kufa halisikii dawa," nikamalizia, "lakini la kwako bado zima, basi lisikie." Akaenda zake na milimita kumi zake, na mimi nikabaki nimejaa sifa kama nilivyo siku zote.

Nayasema haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyefanya nilichokifanya mimi kesho yake.

Bibi yangu, mama yake mama, ana majasi mawili ya mpingo. Jasi si herini ya kuning'inia. Ni kipande cha duara kinachokaa ndani ya tundu la sikio na kulijaza, kama kizibo kwenye chupa. Babu alikuwa fundi wa kukereza miguu ya vitanda na viti, na majasi hayo aliyakereza mwenyewe kwenye mashine yake, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Katikati yana kiuno, na pande zote mbili yana midomo iliyotanuka ili yasidondoke mbele wala nyuma. Kwenye mdomo wa mbele akazungusha uzi mwembamba wa fedha. Nyuma akatia alama: nukta moja la kulia, nukta mbili la kushoto. Nimeshika majasi ya kila aina katika kazi hii, ya kioo, ya chuma cha pua, ya pembe, na sijawahi kushika mengine ya namna hiyo.

Babu alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, bibi aliyavua, akayafunga kwenye kitambaa, kitambaa akakitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Hakuyavaa tena.

Mwaka jana mjomba wangu alikuja kutoka ughaibuni na mkewe, akatangaza kwamba anataka kumchukua mama yake akaishi naye. Magoti ya bibi yamechoka na ngazi za nyumba yake, na kule kuna lifti. Bibi alikubali baada ya kukataa mara tatu, maana yeye kukubali mara ya kwanza huona ni ukosefu wa adabu. Safari ikapangwa iwe baada ya miezi kumi na moja. Hapo ndipo mkaza mjomba alipoyaulizia majasi. Kazi ya mkaza mjomba ni kupamba nyumba za watu, na simlaumu, lakini mtu yule hawezi kuona kitu bila kuona na ukuta wa kukitundika. Alisema atayatia kwenye fremu yenye kioo, nyuma yake aweke mahameli nyekundu, juu yake ataweka taa ndogo.

Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. "Hayakukerezwa yatundikwe," akasema. "Yalikerezwa yavaliwe. Siku nitakayoondoka, mwenye sikio la kuyavaa ndiye mwenyewe. Asipopatikana, chukua wewe, ukayawashie taa."

Watu wote sebuleni wakanigeukia mimi. Nani mwingine? Mama alishaapa siku nyingi kwamba masikio yake hayatogwi tena hata kwa sindano, na watoto wa mjomba wote ni wanaume wa kompyuta. Mimi wakati huo nilikuwa nimevaa milimita kumi na mbili.

Nikatoa kalipa, kile kipimo changu cha unene, kwenye mkoba. Ndiyo, natembea nayo, wengine hutembea na kioo. Nikapima kiuno cha jasi: ishirini na mbili kamili. Nikahesabu palepale kwa sauti. Kutoka kumi na mbili mpaka ishirini na mbili ni hatua tano, hatua tano ni miezi kumi, safari ni baada ya miezi kumi na moja. Nilikuwa na mwezi mzima wa ziada wa kujidai. Nikamwambia, "Mkaza mjomba, hiyo mahameli kashonee mto." Alitabasamu, akasema tutaona.

Mwaka ule nilijilea masikio kama yai. Kila asubuhi mafuta na kusugua taratibu, kila jioni maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kumi na nne, kumi na sita, kumi na nane. Sikuruka hata siku moja. Kila Jumapili nilikwenda kwa bibi, na yeye kabla ya salamu anauliza, "Mke mwenzangu, umefika wapi?"

"Kumi na nane, bibi."

"Ungezaliwa mapema ungeninyang'anya mume."

"Usiwe na wasiwasi. Mumeo kwangu alikuwa mzee."

Anacheka mpaka anashika mbavu. Kisha ananiita niiname, anagusa sikio langu kwa kidole, la kulia kwanza, halafu la kushoto, na kwenye la kushoto kidole chake hukaa zaidi. Nilidhani ni mapenzi tu.

Kuna mambo mawili niliyoyaona miaka yote nisiyatie maanani. La kwanza, picha zote za bibi ukutani zimepigwa upande wa kulia. Sisi wajukuu tulisema ni maringo, bibi anajua upande wake mzuri. La pili, yale majasi hayakufanana mng'ao. La nukta moja linang'aa kwa mafuta ya ngozi, la nukta mbili limefifia. Kama mtaalamu niliamua kwamba babu alitumia miti miwili tofauti. Mtaalamu akiamua jambo huwa hajiulizi tena.

Basi. Ile Alhamisi, baada ya kumtoa karani na harusi yake, nilifunga mapema nikapita kwa bibi. Masanduku yalikuwa yameshafungwa, mjomba anayapima uzito kwa mkono na kuguna. Bibi akanipa kitambaa na vilivyomo.

"Jumamosi saa nne tunatoka hapa," akasema. "Nataka niyaone masikioni kabla sijaingia kwenye gari. Yote mawili." Hilo la yote mawili alilirudia.

Ijumaa asubuhi nikanawa mikono, nikavaa glavu, nikavua majasi yangu ya kioo ya ishirini na mbili, nikapaka mafuta. Nikachukua jasi la nukta mbili, nikaliweka kwenye sikio la kushoto, nikasukuma kidogo kwa dole gumba.

Halikuingia.

Nikadhani nimeliweka upande. Nikaligeuza. Halikuingia. Nikachukua kalipa, nikapima kiuno: ishirini na mbili. Nikasogeza meno ya kalipa kutoka kiunoni mpaka mdomoni. Ishirini na tano. Nikapima tena, na tena, kama mtu anayesoma mara ya tatu barua ya kuachwa akitumaini kuna neno amelikosea.

Milimita tatu. Mgeni hawezi kuketi sebuleni kabla hajapita mlangoni, na kiuno cha jasi hakiwezi kukaa kwenye tundu kabla mdomo haujapita. Majasi ninayouza mimi yana mdomo upande mmoja tu. Upande wa pili hauna kitu, unavishwa mpira. Hayo unayapima kiuno, basi. Kwa miaka kumi na minne mkono wangu umezoea kupima kiuno, na siku ile mbele ya mkaza mjomba, kwa majivuno niliyokuwa nayo, niliuachia mkono ufanye kazi peke yake. Kwa kosa hili nimewasema wateja, tena kwa maneno makali. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimejinyoa nikajikata mbele ya kioo changu mwenyewe.

Fundi wa funguo akachungulia. "Jirani, leo sikusikii ukigombana na mtu. Nimekuja kuona kama u hai."

Nikamwonyesha. Yeye ni mtu wa vitendo, hakupoteza muda kunipa pole. Akalishika jasi, akaligeuzageuza kwenye mwanga. "Milimita tatu? Nipe dakika tano na tupa. Nauondoa mdomo wa nyuma wote, linabaki nyoofu, unavisha mpira wako. Bibi ataona mbele. Nyuma nani anaangalia?"

Na alikuwa anasema kweli. Ingewezekana, tena kwa usafi, maana mkono wa yule bwana kwenye tupa hauna mfano. Lakini nyuma ndiko zilikokuwa zile nukta. Babu aliketi akazitoboa moja moja kwa ncha ya msumari ili mkewe asichanganye kulia na kushoto.

"Hili si kitasa," nikamwambia.

"Basi sukuma. Sikio ni lako." Akarudi kwenye funguo zake.

Nikafunga mlango, nikageuza kibao cha mlangoni kiseme NIMEFUNGA. Nikaongeza mafuta. Nikajiambia maneno yote ambayo huniambia wateja, yote, hata lile la "ni mara moja tu". Nikajiambia nyama yangu imetulia, ina afya, nimeilea mwaka mzima, itakubali. Nikasukuma kwa kiganja.

Ukingo mmoja ukaingia. Sikio likapata joto, sawa, nalijua hilo. Nikasukuma tena, na lile joto likawa moto. Kwenye kioo niliona nyama ya chini imekuwa nyeupe na nyembamba, inakaribia kupitisha mwanga. Ilibaki kidogo, kidogo kabisa. Ningependa kuwaambia kwamba nilikumbuka sheria yangu ukutani nikaona aibu. Hapana. Nilitaka kuendelea. Mkono ndio uliokataa. Miaka kumi na minne umekuwa ukisimama mahali pale kwenye masikio ya watu wengine, na ulipofika ukasimama kwenye langu pia, bila kuniuliza.

Nikalitoa. Tone moja la damu likadondoka kwenye glavu. Nikalia, sifichi, tena nililia kwa hasira. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikaliosha sikio langu la kushoto na kulivisha kioo cha milimita ishirini, hatua moja nyuma. Jasi nikalifuta, nikalirudisha kwenye kitambaa. Hata mafuta yangu hayakuonekana juu yake.

Jumamosi saa tatu na nusu nilikuwa sebuleni kwa bibi. Masanduku matatu mlangoni. Bibi ameketi kwenye kiti chake, amevaa koti la safari na joto lile lote, kilemba chake kimefungwa kama siku zote, kimeshuka upande wa kushoto. Mkaza mjomba amesimama karibu na dirisha, kwapani ana kitu bapa kilichofungwa kwa karatasi. Sikuhitaji kuuliza ni nini.

Sikuzunguka. Nikapiga magoti mbele ya bibi, nikaweka kitambaa mapajani mwake. "Bibi, hayaingii. Nilipima kiuno, sikupima mdomo. Kosa ni langu. Jana nililazimisha la kushoto, halafu nikaacha. Nahitaji miezi sita."

"Miezi sita," mjomba akasema, akatazama saa.

"Pole, mwanangu," akasema mkaza mjomba, na nadhani alikuwa na huruma ya kweli, ila vidole vilikuwa vimeshaanza kufungua karatasi. "Usijali, kwangu yatakaa salama. Fremu nimeipimisha vizuri kabisa." Nikafikiri moyoni, naam, bila shaka yeye alipima mdomo.

Bibi hakumtazama. Uso wake ulikuwa umeanguka, na kule kuanguka kwake ndiko kulikoniumiza kuliko sikio.

"Kwa nini uliacha?" akaniuliza.

"Liliwaka, bibi. Likiwaka, hapo linachanika."

"Lilikuwa limebaki kiasi gani?"

"Kidogo sana. Ningelisukuma mara moja lingeingia."

Alitikisa kichwa polepole. "Mimi sikuacha," akasema.

Akainua mikono, akafungua kilemba. Mimi ninayetazama masikio ya watu hata kwenye foleni ya benki sikuwahi kuliona sikio la kushoto la bibi yangu mzaa mama. Halikuwa na tundu. Chini lilikuwa limepasuka mpaka mwisho, vipande viwili vya nyama, kimoja kirefu kimoja kifupi, na kovu la mtu aliyejaribu kushona akashindwa. Mjomba alisimama na mdomo wazi. Yeye ni mwanawe wa kumzaa, na hakuwa akijua.

"Babu yenu alikwenda kufanya kazi mbali miezi mitatu," bibi akasema. "Aliniachia majasi, akaniambia, nivalie nikirudi. Alikuwa amenipima tundu, akakereza kiuno kikalingana. Midomo akaiongeza kwa urembo, hakuifikiria. Na mimi sikumwandikia kwamba hayaingii, nilisubiri mpaka imebaki siku moja. La kulia lilikubali kwa maumivu. La kushoto nikalisukuma kwa kiganja, likaingia. Siku ya pili yake likachanika, yeye yuko njiani."

"Ukamwambia nini?" mjomba akauliza.

"Nikamwambia la kushoto nimeliweka, nitalivaa siku za maana. Sikutaka auchukie mkono wake. Nikashusha kilemba."

"Akaamini?"

Bibi alimtazama mwanawe kama anayemwonea huruma. "Mwanamume aliyelala upande wangu wa kushoto miaka thelathini na nane asijue? Alijua. Hakusema. Ila hakukereza jasi lingine mpaka kufa kwake. Watu walikuja kumwomba mpaka na zawadi, akawaambia yeye ni fundi wa miguu ya vitanda. Akirudi ndani namuona ananitazama kilemba, nami najifanya nashona. Tulikaa hivyo. Mimi namficha, yeye ananificha, na wote tunajua."

Mkaza mjomba alikuwa ameacha kufungua ile karatasi.

"Nilitaka niyaone yote mawili yamevaliwa, mara moja tu," bibi akaniambia. "Ndiyo maana nilikuwekea siku. Sikupaswa kukuwekea siku. Mwenye haraka nilikuwa mimi, na ningekuchana vilevile."

"Hukunichana, bibi."

"Kwa sababu una akili kuliko mimi. Usijivune, si sifa kubwa."

Akafungua kitambaa. Akachukua la nukta moja, lile linalong'aa, akalipeleka sikio la kulia. Miaka kumi na moja halikuwa na kitu lile sikio, lakini lililozoea limezoea. Jasi liliingia bila mafuta wala kioo, kama mkono unavyoingia kwenye mfuko wa koti la zamani. La nukta mbili akaliweka kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Hili halijavaliwa hata siku mbili kamili tangu likerezwe. Nenda nalo kwa sheria yako ile ya ukutani. Mimi kule nitangoja, sina kazi nyingine."

"Na fremu, mama?" mkaza mjomba akauliza kwa sauti ndogo.

"Mtie mumeo," bibi akasema, akanyoosha mkono ainuliwe kwenye kiti. Mjomba alicheka peke yake mpaka kwenye gari. Kilemba bibi hakukifunga tena. Alikikunja, akakitia mfukoni, akashuka ngazi zake kwa mara ya mwisho, masikio yote mawili nje.

Mimi nikarudi kwenye chumba changu. Nikaliacha sikio la kushoto lipone kwenye ishirini, miezi miwili. Nikalipandisha ishirini na mbili, miezi miwili. Ishirini na nne, miezi miwili. Karani wa mahakama alikuja mara tatu katika muda huo, kila mara akaongezewa milimita zake mbili, na mara ya mwisho aliniuliza kwa nini masikio yangu hayalingani. Nikamwambia nilirukisha. Alinitazama, akaitazama karatasi ukutani, akaona aibu kwa niaba yangu.

Miezi sita na siku tisa, Jumanne asubuhi, kabla mteja hajafika, nikanawa mikono. Mafuta kidogo. Jasi la nukta mbili. Sikio likapata joto, joto tu, mdomo ukapita, na kiuno kikakaa mahali pake. Nilikaa nalo dakika nzima mbele ya kioo bila kufanya chochote. Fundi wa funguo akachungulia, akaona, akasema, "Na tupa yangu ingekuwa na kazi gani sasa?" Akaondoka kabla sijamjibu.

Nikampigia bibi kwa video. Mkaza mjomba ndiye aliyepokea. Akaniona, hakuuliza kitu, akakimbia na simu chumbani mpaka nikaona dari, mlango na miguu yake. Kisha akaituliza mbele ya bibi. Bibi alikuwa ameketi dirishani, kichwa wazi, jasi lake sikioni.

Nikageuza uso nimwonyeshe kushoto. Yeye akageuza uso anionyeshe kulia. Kwenye kioo cha simu tulikuwa wote wawili, yeye amejaa, mimi kwenye kona, na majasi ya babu yalikuwa yamevaliwa yote mawili kwa wakati mmoja. Bibi aliyatazama muda mrefu. Mkaza mjomba alikuwa ameishika ile simu kwa mikono yote miwili ili isitikisike.

"Limeingia bila damu?" bibi akauliza.

"Bila damu, bibi."

Aligusa la kwake kwa kidole kimoja.

"Basi," akasema. "Sasa mzee alale."